Siku Nane Ureno, Nikimtafuta Mfalme wa Malindi

Siku ya 1, Jumatatu

Nimetua Lisbon saa nne asubuhi, miguu imevimba kwa kukaa. Chumba nimepanga Mouraria, mtaa wa ngazi na vichochoro ambao mtu aliyezoea Mji wa Kale wa Mombasa hawezi kupotea ndani yake. Jina la mtaa linatokana na Waislamu waliosukumwa kuishi huku baada ya mfalme wa Ureno kuuteka mji mwaka 1147.

Mwenye nyumba ni mama wa makamo, mzaliwa wa kisiwa cha Ibo, kaskazini mwa Msumbiji. Nilimwamkia kwa Kireno changu cha kuokoteza. Akanitazama, akauliza natoka wapi. Nikasema Malindi. Papo hapo akakiacha Kireno, akaniletea Kimwani, nami nikamjibu kwa Kiswahili. Hatukuelewana yote, lakini tulielewana ya kutosha kupanga bei.

"Karibu, mwanangu," akasema, "kitanda ni hiki, na *fronha* nimebadilisha leo." Foronya! Nikaanza kumtajia moja moja: meza, kopo, leso, bendera, kasha, mvinyo. Kila moja akaikubali kama mtu anayeonyeshwa vyombo vyake vilivyoazimwa na jirani miaka mingi iliyopita. Gereza ilimshinda. Kwao *igreja* ni kanisa. Ilibidi nimweleze kwamba kwetu, Wareno walipojenga Ngome ya Yesu pale Mombasa, kanisa lilikuwa ndani ya ngome, na ngome baadaye ikawa jela, basi neno likaishia huko.

Kilichonileta huku ni kitabu. Luís de Camões, mshairi mkubwa wa Ureno katika zama za Renesansi, mwamko wa elimu na sanaa wa Ulaya, alichapisha *Os Lusíadas* mwaka 1572. Ni utenzi mrefu wa nyimbo 10 na beti 1,102, unaosimulia safari ya Vasco da Gama kwenda India. Tulipokuwa shule tulisomeshwa kwamba da Gama alipita Malindi mwaka 1498 na kuna mnara wake. Hakuna aliyetuambia kwamba nyimbo tatu kati ya hizo 10, yaani wa tatu, wa nne na wa tano, ni da Gama akimsimulia mfalme wa Malindi. Karibu theluthi ya utenzi wa taifa la Ureno inapita kwenye sikio la mtu wa kwetu. Nimekuja kuona ni mambo gani aliyoambiwa.

Siku ya 2, Jumanne

Feira da Ladra, soko la vitu vikuukuu nyuma ya kanisa la São Vicente, huwa Jumanne na Jumamosi. Wengi hulitafsiri Soko la Mwizi. Niliona vigae vya bluu vilivyobanduliwa ukutani kwa watu, funguo zisizo na milango, sare za jeshi, na kwenye turubai moja, kati ya chuma cha kupigia pasi na santuri, toleo la shule la *Os Lusíadas*. Mwanafunzi fulani ameliandika pembeni kwa penseli tangu mwanzo hadi mwisho. Euro tatu. Muuzaji alinihakikishia kuwa huyo mwanafunzi alifaulu.

Mchana nimekaa kwenye kibaraza juu ya mto Tejo nikihesabu mizani. Mstari wa Camões una mizani 10, ila Wareno huhesabu mpaka silabi ya mwisho yenye mkazo, ikibaki nyingine nyuma yake hawaijali. Na vokali zikigongana zinamezana. Ubeti una mistari minane. Katika ubeti wa kwanza kina cha *-ados* kinapishana na *-ana* mara tatu tatu, kisha mistari miwili ya mwisho inafunga kwa *-aram*. Umbo hili limetoka Italia, ndilo alilolitumia mshairi wao Ariosto. Mshairi wa Pate angeliona la ajabu kidogo lakini asingelikataa. Bwana Mwengo wa Athumani, alipotunga Utenzi wa Tambuka mwaka 1728, naye alikwenda beti zaidi ya 1,100, na naye aliandika vita vya mbali ambavyo hakuviona.

Mstari wa tatu wa ubeti huo wa kwanza ndio ulionifanya nicheke peke yangu mpaka mzee wa meza ya pili akageuka: meli zilipita "bahari ambazo hazijapata kusafiriwa". Bahari ipi hiyo? Kutoka Malindi da Gama aliondoka tarehe 24 Aprili 1498 na nahodha aliyepewa hapo hapo, kusi ikaanza kuvuma, na kabla mwezi mmoja haujatimia walikuwa wameiona pwani ya India. Majahazi yalikuwa yakifanya hivyo miaka mingi kabla ya babu wa da Gama kuzaliwa. Wakati wa kurudi hakungoja kaskazi. Alitoka kwa haraka zake, akataabika baharini miezi mitatu, wanamaji wakifa kwa kiseyeye, mpaka alipofika tena Malindi Januari 1499. Mtoto yeyote wa mvuvi angemwambia subiri.

Lakini nisimwonee mshairi. Mwanafunzi wetu wa penseli ameandika pembeni mwa wimbo wa pili: *Eneias – Dido*. Hapo ndipo nilipoelewa kiti alichokalishwa mfalme wetu. Waandishi wa zama zile walikuwa wameamka na vitabu vya Wagiriki na Warumi mkononi, na heshima kubwa ya mwandishi ilikuwa kupimana nao. Virgil, mshairi wa Roma, alimfanya shujaa wake Aeneas atupwe na bahari pwani ya Afrika, Carthage, na amsimulie malkia Dido jinsi mji wake wa Troy ulivyoanguka. Camões alihitaji mwenyeji wa Kiafrika mwenye adabu wa kumsimulia habari za Ureno. Malindi ikapata kazi ya Carthage. Mombasa, pole zao, ilipewa kazi ya nyoka. Katika utenzi mungu Bacchus anawachochea Wamombasa waziteke meli, na mungu wa kike Venus na wasichana wake wa baharini wanazisukuma kwa vifua zisiingie bandarini. Nitawasomea jamaa zangu wa Kibokoni sehemu hii siku ya Idi.

Siku ya 3, Jumatano

Tramu namba 15 mpaka Belém, nimesimama njia nzima.

Monasteri ya Jerónimos ilianza kujengwa mwanzoni mwa miaka ya 1500 kwa amri ya Mfalme Manuel I, kwa kodi ya sehemu moja ya ishirini ya biashara ya Afrika na Mashariki. Unajua mara moja kuwa ni nyumba iliyojengwa na fedha ya baharini. Mawe yamechongwa yakawa kamba za meli zenye mafundo, yakawa matumbawe, na nguzo za ndani zinapanda na kufunguka juu kama minazi. Niliweka kiganja ukutani. Ni chokaa ngumu, wanaiita *lioz*, na ukiitazama kwa karibu ina makombe ya kale ndani yake. Msalaba ulio juu ya mnara wa da Gama kule Malindi husemwa kuwa ni wa jiwe la Lisbon, ila mnara wenyewe ni matumbawe ya kwetu. Nikiwa mdogo tulikuwa tukipanda pale kukwepa mabaharia wa kike, yaani dada zetu, waliotumwa kututafuta twende chuoni.

Ukiingia tu kanisani, chini ya roshani ya waimbaji, wamelala wawili, kila mmoja upande wake: da Gama na Camões. Sanamu zote mbili zimekunja mikono kifuani kama watu wanaosali. Kaburi la mmoja limechongwa meli, la mwenzake kinubi. Kundi la watalii lilijaa kwa da Gama. Kwa Camões tulikuwa mimi na mama mmoja aliyekuwa akitafuta kivuli cha kupangusia miwani.

Na yumkini aliyemo humo si yeye. Camões alifariki Lisbon tarehe 10 Juni 1580, maskini, akazikwa karibu na masista wa Santana. Tetemeko la tarehe 1 Novemba 1755 likavuruga mji mzima, makaburi pia. Mwaka 1880, miaka 300 tangu afe, walikusanya mifupa wakaileta hapa kwa maandamano. Ya nani, Mungu ajua. Tarehe ya kifo chake ndiyo sikukuu ya taifa la Ureno. Sijui nchi nyingine iliyochagua kusherehekea siku aliyokufa mshairi.

Nilitoka nikaenda ufukweni. Zamani pakiitwa Restelo, na ndipo meli za da Gama zilipoagiwa. Mwishoni mwa wimbo wa nne mshairi anafanya jambo ambalo mimi nisingelitarajia kwa mtu anayeomba posho kwa mfalme. Wanawake wanalia, mapadri wanaimba, matanga yanakunjuliwa, na ghafla mzee mmoja mwenye ndevu, asiye na jina, anasimama kwenye umati na kuwalaani wanaoondoka. Kwa maneno yangu: ewe utukufu wa kutawala, ewe tamaa tupu ya kitu tunachokiita sifa, unawapeleka watu hawa kwenye vifo gani? Nyumbani mnaacha nchi ikikauka, mnakwenda kutafuta adui wa mbali. Beti kumi, mfululizo, wala hakuna anayemjibu. Meli zinang'oa nanga tu.

Sasa kumbuka msimuliaji ni nani na msikilizaji ni nani. Ni da Gama mwenyewe anamwambia mfalme wa Malindi: siku tulipokuwa tunakuja kwenu, kuna mzee wa kwetu alisema tusije. Nilikaa juu ya ukuta wa mto nikausoma ule ukurasa mara tatu. Mwanafunzi wa penseli hakuandika chochote hapo.

Nyuma yangu kulikuwa na Mnara wa Wavumbuzi, zege la mita 56 lenye sanamu 33 zimepangwa kama watu wanaopanda meli. Camões yumo. Mzee wa Restelo sikumwona.

Siku ya 4, Alhamisi

Leo nimeona kitu ambacho kimenikosesha hamu ya chakula cha mchana.

Makumbusho ya Taifa ya Sanaa ya Kale yako mtaa wa Janelas Verdes. Nilikwenda kwa ajili ya Gil Vicente, baba wa maigizo ya Kireno. Mwaka 1502, mwana wa mfalme alipozaliwa, Vicente aliingia chumbani kwa malkia akiwa amevaa kama mchunga ng'ombe, akaigiza pongezi za kijijini mbele ya wakubwa. Wakafurahi, wakamtaka aendelee, naye akaandika maigizo zaidi ya miaka 30, akiwacheka mapadri, mahakimu na mabwana wakubwa bila kuchagua. Wasomi wengi wanaamini kuwa ndiye yule yule Gil Vicente aliyekuwa sonara wa jumba la mfalme. Wengine hawakubali. Mimi nataka awe yeye, kwa sababu ya hiki kilichomo ndani ya kioo.

Ni chombo cha dhahabu cha kuwekea mkate mtakatifu, hakifiki hata mita moja kwenda juu. Katikati wamepiga magoti mitume 12, wadogo kama vidole, kila mmoja na uso wake na joho lake la rangi. Juu yao ananing'inia njiwa mweupe. Paa lake ni vinara vyembamba juu ya vinara, kazi ya mtu aliyeshika koleo kwa kuzuia pumzi. Nikazunguka polepole. Kwenye kitako kuna ukanda wa maandishi, herufi kubwa. Nikayasoma kwa kusogea hatua moja moja kuzunguka kioo, mlinzi akinifuata kwa macho. Yanasema kwamba Mfalme Manuel aliamuru kitu hiki kitengenezwe kwa dhahabu ya kodi ya Quiloa, na kikakamilika mwaka 1506.

Quiloa ni Kilwa. Mwaka 1502 da Gama alikwenda Kilwa Kisiwani na mizinga, akamlazimisha mtawala alipe kodi ya dhahabu kila mwaka, ama mji upigwe. Dhahabu ya Sofala, pwani ya Msumbiji, iliyopita mikono ya wafanyabiashara wa Kilwa, ikaletwa hapa, ikayeyushwa. Mwaka 1505, sonara akiwa bado anapiga nyundo, kamanda Mreno Francisco de Almeida alishusha jeshi Kilwa hiyo hiyo, wakaipora. Hivyo wale mitume waliomalizika 1506 wametoka katika mji ambao ulikuwa umekwisha kuporwa.

Ni kizuri. Hilo ndilo tatizo. Ningependa kiwe kibaya.

Jioni nimetembea mpaka uwanja wa Rossio. Juu kabisa ya paa la Ukumbi wa Taifa wa Maigizo amesimamishwa Gil Vicente wa jiwe. Ukumbi umejengwa mahali palipokuwa makao makuu ya Inkwizisheni, mahakama ya kanisa ya kuwasaka wenye imani potofu, ambayo ndiyo iliyokuja kuyakata na kuyapiga marufuku maigizo yake. Alikuwa amekwisha kufa, kwa hiyo leo anawatazama kutoka juu.

Hapo ndipo lilipofika faili la Damião de Góis, na yeye ndiye ninayemsikitikia kuliko wote. Alizaliwa Alenquer mwaka 1502, akapelekwa Antwerp kwenye ofisi ya biashara ya mfalme, akazunguka Ulaya, akala meza moja na Luther, Mjerumani aliyeliasi Kanisa Katoliki, na mwaka 1534 akakaa miezi kadhaa nyumbani kwa Erasmus, mwanazuoni aliyekuwa akisomwa kuliko wote wakati ule. Mwaka 1540 akachapa kitabu cha Kilatini kuhusu dini na desturi za Wahabeshi, ambamo alimwacha mjumbe wa Ethiopia aeleze imani yake kwa maneno yake mwenyewe. Ureno ikakipiga marufuku. Uzeeni, akiwa mtunza nyaraka mkuu wa taifa, akakamatwa. Mwaka ni 1571. Mashtaka: marafiki zake wa ujanani, na kula nyama siku zilizokatazwa. Akahukumiwa 1572, akafa 1574.

1572 ni mwaka ule ule ulipochapwa, kwa ruhusa ya ofisi hiyo hiyo, utenzi wa Camões uliojaa Venus na Bacchus na Jupita. Padri mkaguzi aliandika kwamba hiyo miungu ni pambo la ushairi tu, haidhuru imani. Nyama ya Ijumaa ilidhuru.

Mbele ya kanisa la São Domingos, hatua chache kutoka hapo, kina mama wa Guinea-Bissau walikuwa wakiuza njugu na majani ya kuchemsha. Nimenunua njugu, nikala nikipanda ngazi za kurudi.

Siku ya 5, Ijumaa

Treni ya asubuhi kwenda Coimbra. Msafiri anapunguziwa, nimesali garini.

Husemwa Camões alisoma hapa, kwa kuwa ami yake alikuwa mkubwa wa monasteri ya Santa Cruz na wa chuo kikuu, lakini hakuna karatasi yenye jina lake. Mtu wa hapa kwa hakika ni Sá de Miranda. Alizaliwa Coimbra, akaenda Italia mwaka 1521, akarudi 1526 na soneti, shairi la mistari 14, ya Mwitalia Petrarch, na ule mstari wa mizani 10 mkobani. Bila safari yake Camões angekuwa anaandika kwa bahari nyingine kabisa. Namaanisha bahari ya ushairi. Wanafunzi wanapita na majoho meusi juani kana kwamba joto linawahusu wengine.

Nilivuka mto Mondego kwenda Quinta das Lágrimas, Shamba la Machozi. Inês de Castro alikuwa bibi wa kupendwa wa Pedro, mrithi wa kiti. Mfalme baba yake, Afonso IV, aliogopa ndugu zake Inês, na Januari 1355 akawatuma watu wakamuua. Pedro alipotawala aliwapata wauaji wawili, akaamuru watolewe mioyo. Makaburi yao yako Alcobaça, yamewekwa nyayo kwa nyayo, ili siku ya ufufuo wakiinuka waonane kwanza.

Kisa hiki kimo katika wimbo wa tatu. Mfalme wa Malindi alikisikia. Pale chemchemini kuna jiwe limechongwa ubeti wa Camões unaosema mabinti wa Mondego walilia mpaka machozi yakawa chemchemi. Maji yanatoka kwenye mfereji mwembamba, na sakafu yake ina mwani mwekundu ambao wenyeji huwaambia wageni ni damu. Kijana na mchumba wake walikuwa wanapiga picha. Msichana akauliza, hivi yeye Inês alikuwa amesema nini kabla ya kuuawa? Kijana hakujua. Anajitetea beti nne, akiwataja wanawe. Nilitamani kumwambia lakini Kireno changu hakinipeleki umbali huo.

Siku ya 6, Jumamosi

Nililala kwenye treni, nikapita Entroncamento, nikaamshwa Santarém. Kosa langu. Nimerudi, nimebadilisha, na nimefika Constância saa tisa mchana badala ya saa tano.

Kijiji cheupe kilichojipanga kwenye mteremko, mahali mto Zêzere unapoingia Tejo. Wenyeji wanaamini Camões alifungiwa hapa ujanani kwa kosa la mapenzi la kule ikulu. Sanamu yake imekaa chini ikitazama maji, bila farasi wala upanga. Kuna bustani ya mimea yote inayotajwa katika mashairi yake. Niliingia zimebaki dakika 20 wafunge, nikakimbia kati ya mimea kama mtu aliyeibiwa.

Siku ya 7, Jumapili

Mvua tangu alfajiri. Nilichungulia tu pale Santa Catarina kuona Adamastor, jitu la jiwe lenye uso uliokunjamana, analolizungumzia wimbo wa tano: Rasi ya Tufani, ambayo leo ni Rasi ya Tumaini Jema, imegeuka mtu, inawatisha Wareno kuwa itazizamisha meli zao. Na huyu pia mfalme wetu alisimuliwa. Vijana walikuwa wamejibanza chini yake wakivuta sigara.

Kutwa nimeshinda jikoni na bi mkubwa, mwenye nyumba wangu. Anapika wali wa nazi na kamba, nami namenya vitunguu. Nikamwambia habari ya Camões upande wa kwetu, ambayo vitabu vya shule huipitia haraka. Mwaka 1552 alimjeruhi mtumishi wa jumba la mfalme katika ugomvi hapa Lisbon, akatiwa ndani, akasamehewa mwaka uliofuata kwa sharti aende India kutumika. Jicho la kulia alikuwa amelipoteza mapema zaidi, vitani Ceuta, Afrika Kaskazini. Akakaa Mashariki miaka mingi. Shairi lake la kwanza kuchapwa lilitokea Goa, India, mwaka 1563, ndani ya kitabu cha dawa na viungo cha tabibu Garcia de Orta. Alipojaribu kurudi kwao akakwama Kisiwa cha Msumbiji, kati ya 1567 na 1569, bila nauli. Rafiki yake Diogo do Couto alimkuta huko na baadaye akaandika kwamba alikuwa maskini kiasi cha kula kwa marafiki. Hao ndio waliomchangia nguo na nauli. Utenzi alikuwa nao, akiunyoosha nyoosha.

"Nimeiona sanamu yake pale kisiwani," bi mkubwa akasema. "Anatazama bahari. Lakini mwanangu, kama alikuwa hana kitu, alikuwa akila kwa marafiki gani? Wazungu wa ngomeni peke yao?"

Sikuwa na jibu. Kisiwa kile ni kidogo, samaki na mtama vilikuwa vya wenyeji.

Basi nikamfasiria pale da Gama anapoingia Malindi, wimbo wa pili. Mfalme anatoka kwa mashua kumlaki. Ana joho la dameski, mkufu wa dhahabu shingoni, makubadhi ya mahameli yenye dhahabu na lulu ndogo. Mtumishi ameshika mwavuli wa hariri. Na mbele ya mashua watu wanapuliza parapanda zilizopinda. Shajara ya safari yenyewe, iliyoandikwa na aliyekuwamo melini, inaongeza: parapanda mbili za pembe za ndovu, ndefu kama mtu, zinazopulizwa kwa tundu la ubavuni.

"Siwa," nikasema.

Nimeiona siwa ya Pate kule Lamu, ya pembe, imechongwa mafundo na maua. Camões aliandika tu kwamba sauti yake ilikuwa ngeni na ya furaha, kisha akasema haina mpangilio. Nani kampa ruhusa.

Siku ya 8, Jumatatu

Siku ya mwisho nimeiweka kwa João de Barros, katika Maktaba ya Taifa. Chumba cha kusomea kimya kabisa, taa moja kila meza.

Barros hakupata kuvuka kwenda India wala kufika kwetu. Alikuwa karani mkuu wa Casa da Índia, ofisi iliyopokea pilipili na dhahabu zote, tangu 1533 mpaka 1567. Mwaka 1540 aliandika sarufi ya Kireno. Mchana alihesabu magunia, usiku aliandika historia, *Décadas da Ásia*, ya kwanza ikatoka 1552. Lakini alikuwa na tabia moja ambayo wenzake wengi hawakuwa nayo: alitaka kujua watu wa huko wameandika nini wao wenyewe. Alinunua mtumwa wa Kichina msomi ili amsomee vitabu vya Kichina. Na kwa namna fulani akapata tarehe, yaani historia, ya wafalme wa Kilwa.

Niliikuta katika kitabu cha nane cha Dekada ya kwanza. Herufi zimechakaa, tahajia ya kizamani, lakini majina yanatokeza. Ali mwana wa Hussein aliyetoka Shirazi kwa merikebu, kisiwa kilichonunuliwa kwa nguo, mwanawe, mjukuu, fulani alitawala miaka mingapi, fulani alipinduliwa, fulani alirudi. Nilinakili mkono ukauma. Aliyefika pwani yetu, akala chakula chetu, alituandikia mfalme asiye na jina. Aliyekuwa amekaa Lisbon akihesabu pilipili ndiye aliyewaandika mmoja mmoja.

Jioni nikafunga mzigo. Bi mkubwa aliniwekea chamusa, yaani sambusa, sita kwenye karatasi, akakaa kwenye kasha lake mlangoni.

"Haya, yule mfalme wako. Baada ya kusimuliwa yote hayo alisema nini?"

Nikafungua mwanzo wa wimbo wa sita. "Aliwafanyia karamu. Michezo, ngoma, matunda, ndege, nyama, samaki. Kisha akawapa nahodha."

"Na huyo mgeni, siku zote hizo, hakuuliza jina la mwenyeji wake?"

Nikakumbuka kwamba hii ni siku ya nane, na mimi humwita bi mkubwa tangu mlangoni. Nikamuuliza. Akacheka sana, akanitajia, na jina la baba yake, na la babu yake wa Ibo. Nimeyaandika yote matatu kwa penseli pembeni mwa wimbo wa sita, chini ya mwandiko wa yule mwanafunzi.